Baba Aliyeandikwa Darasa la Kwanza

Afisa wa pasipoti aliviweka vile vyeti sambamba juu ya kaunta, akavitazama kimoja baada ya kingine, kisha akainua macho.

"Yustina, kwenye cheti cha kuzaliwa baba yako ni Bonifasi. Kwenye vya shule vyote, kuanzia la saba mpaka kidato cha sita, wewe ni Yustina Severin. Baba yako ni nani?"

"Bonifasi," binti alisema. "Severin ni mjomba wangu."

"Mjomba amefikaje hapa?"

Mtu alicheka kwenye benchi. Mama mmoja aliyepakata mtoto akamnong'oneza jirani yake kwa ile sauti ya kunong'ona inayotaka isikike: "Waluguru hao. Kwao mjomba ndiye kila kitu, baba anapita tu." Benchi zima likacheka, hata mzee aliyekuwa anasinzia pembeni.

Theresia, bibi wa binti, alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinamia kikapu chake, akaanza kupekua ndani kama mtu aliyepoteza kitu. Hakupoteza kitu. Alijua vizuri sana jina lile lilivyofika pale.

"Mimi siwezi kupokea ombi lenye baba wawili," afisa alisema, bila ukali. "Nendeni kwa wakili mkaandike kiapo. Baba mzazi aje, na huyo Severin aje, na sababu ya tofauti ielezwe, isiwe maneno ya juu juu. Mkileta Ijumaa asubuhi nitapokea."

"Ijumaa ndiyo mwisho wangu," Yustina alisema.

"Ndiyo maana nimekutajia Ijumaa, mdogo wangu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Barua ya wenye maabara waliomchagua ilikuwa wazi: kabla ya Ijumaa jioni wapate uthibitisho kwamba ombi la pasipoti limepokelewa, la sivyo nafasi anapewa anayefuata. Ilikuwa nafasi ya wiki nane za likizo ndefu, Ulaya, kwa wanafunzi wa chuo ambao hawajapata hata shahada, wakae na mabingwa wanaochunguza chembe ndogo kuliko vumbi na nyota kubwa kuliko jua. Tiketi wanalipa wao, chakula wao, kitanda wao. Afrika nzima walikuwa wamechukua wanafunzi sita, na mmoja wao alikuwa ametoka Mgeta, kwenye karoti na kabichi.

Alichaguliwa kwa sababu ya kasha. Likizo iliyopita Yustina alikuja nyumbani na kasha aliloazima kwa mwalimu wake, lenye kitaa chekundu kilichokonyeza kila chembe itokayo angani ilipopita ndani yake. Mvua ilipoharibu kihesabio alihesabu kwa macho, na alipochoka bibi yake alikaa kwenye kigoda mbele ya kile kitaa, akichora vijiti kwenye daftari, vinne na cha tano kukatiza, siku tisa. Binti akalinganisha na hesabu ya mjini, akaona milimani zinaanguka nyingi zaidi, akaandika. Wazungu wakasoma.

"Twende kwa baba," Yustina alisema walipotoka nje. "Tuko mjini tayari."

"Twende," alisema Theresia, akahamishia kikapu mkono wa pili.

*

Bonifasi alikuwa fundi wa kuchomelea, upande wa Mzinga, na siku hiyo alikuwa anaunda geti la mtu. Alipoinua kinyago na kuona ni nani anayeingia uani, hakukimbilia kusalimia. Alizunguka nyuma ya lile geti lililoegemezwa ukutani, akasimama huko, uso chini. Miaka kumi na tano ya hasira, na bado mkwe ni mkwe. Hatazamwi usoni wala hasogelewi.

"Pendo," alimwita mkewe, "mpe mama mkwe kiti. Kivulini."

Pendo alileta kiti, akaleta na maji. Theresia akakaa. Alikuwa anaona viatu tu vya Bonifasi chini ya geti, vimetobolewa na cheche.

"Shikamoo, baba," Yustina alisema.

"Marahaba." Nyundo ikasikika ikiwekwa chini. "Umekuwa mrefu." "Nasikia unasoma mambo ya nyota."

"Chembe, baba. Zile zinazotoka huko kwenye nyota."

"Zinaonekana?"

"Hazionekani. Hata sasa hivi zinatupita mwilini."

"Na haziumizi?"

"Haziumizi."

"Basi ni kama mimi," Bonifasi alisema. "Nimepita karibu yenu miaka yote hii na hakuna aliyeumia."

Pendo alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Yustina akaeleza habari ya vyeti, ya kiapo na ya Ijumaa. Viatu vilisogea kidogo.

"Nitakuja," Bonifasi alisema. "Sitaki nauli, sitaki soda. Nataka kitu kimoja. Iandikwe kwamba Severin aliniibia mtoto."

"Baba..."

"Nisikilize. Nilikwenda pale shuleni nina cheti chako cha ubatizo mkononi. Nimevaa na shati la kanisani. Mwalimu mkuu akafungua daftari lake la majina, akaniambia, baba wa mtoto huyu ni Severin, sasa wewe ni nani? Darasa zima lipo dirishani. Mtoto mmoja akasema, ni mwizi wa watoto huyo. Nikatoka kwa kukimbia, Yustina, mimi mtu mzima." Akaligonga geti kwa kidole. "Iandikwe, nami nitasaini. Isipoandikwa, msinitumie mtu."

Theresia alishika bilauri ya maji kwa mikono yote miwili. Hakunywa.

Njiani kuelekea stendi binti alitembea mbele, halafu akasimama ghafla.

"Bibi, uliniambia hakuwahi kuja."

"Watu wazima wana maneno mengi, mjukuu wangu."

"Alikuja au hakuja?"

"Gari litatuacha," Theresia alisema.

*

Jumatano Mgeta ilikuwa imejifunika ukungu, na baridi ya Juni ilikuwa inapenya mpaka kwenye mifupa. Severin na vibarua wake walikuwa mtoni wakiosha karoti, suruali zimekunjwa juu ya magoti. Lori la Dar lilikuwa linasubiri juu barabarani.

Alisikiliza yote bila kukatiza, akiendelea kusugua karoti. Kisha akazitupa zilizokuwa mkononi mwake kwenye maji.

"Mimi niende kwa wakili, niape kwamba Yustina si mwanangu?"

"Useme wewe ni mjomba," mama yake alimwambia.

"Mama, karatasi haijui mjomba. Karatasi inajua baba na si baba. Kesho kutwa mtu wa ukoo atalishika lile shamba ambalo marehemu dada Lucy alimwachia mwanawe Yustina, atasema, huyu Severin mwenyewe alimkana mbele ya serikali. Nitajibu nini?" Akamgeukia binti. "Na huyo fundi anataka niandikwe mwizi! Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ukiwa na surua, mvua inanyesha, yeye alikuwa wapi? Mwalimu mkuu yule alikuwa na akili. Aliona nani anakulisha, akaandika jina la anayekulisha. Sikumwomba. Alinipa heshima yangu."

"Mjomba, ni wiki nane tu," Yustina alisema.

"Kwani hizo chembe zako hapa hakuna? Si ulizihesabu pale pale mlangoni kwa bibi yako? Wazungu si waje hapa? Tutawauzia na karoti."

Vibarua walicheka. Yustina hakucheka.

"Hapa nilihesabu tu, mjomba. Zimetoka wapi, nini kilizirusha, kwa kasha lile siwezi kujua. Kule wana vyombo vya kuuliza."

"Basi vikuulize kwanza baba yako alikuwa wapi," Severin alisema, akarudi majini.

Adhuhuri, jikoni, Theresia alikuwa anamenya njegere. Yustina aliingia, akakaa kwenye gogo, akampa simu yake.

"Nini hii?"

"Barua ya kujitoa. Nimewashukuru, nimewaambia nina matatizo ya kifamilia. Bado sijaituma."

"Kwa nini?"

"Sitaki mtu asaini kwamba mjomba ni mwizi. Sitaki na baba adhalilike tena. Mwaka kesho nitaomba."

"Mwaka kesho watakuchukua?"

Binti aliangalia moto. "Mwaka kesho nitakuwa nimemaliza chuo. Wanachukua ambao hawajamaliza."

Theresia aliishika ile simu, akaanza kuyasoma yale maneno polepole kwa midomo, kama alivyofundishwa miaka minne aliyokaa shule, lakini yalikuwa ya Kiingereza. Akatambua jina tu, mwishoni: Yustina Severin. Alikuwa na njia mbili, na zote mbili alizijua. Anyamaze, na binti abaki. Atasoma, atapata kazi ya ualimu hapo mjini, shule ya Kilakala, kila Krismasi atapanda kuja kula kuku. Au aseme. Na akisema, hajui atabaki na nani.

"Usiitume leo," alisema.

"Kesho je?"

"Kesho tunakwenda kwa wakili. Mwambie baba yako aje saa nne. Severin nitamleta mimi."

Jioni alimfuata Severin kwake, akamkuta anafunga magunia.

"Kesho uje mjini, mwanangu. Hutamkana mtu."

"Nitasema nini?"

"Utakaa kitini tu."

Severin alimtazama mama yake kwa muda. Mama huyu hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. "Nitakuja," akasema. "Lakini akinitukana yule, nitaondoka na meza ya wakili mkononi."

*

Wakili Nasibu alikuwa kijana mwenye miwani, si mwenyeji wa Morogoro, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Severin alikaa upande wa dirisha, Theresia na Yustina katikati. Bonifasi alibaki amesimama mlangoni, amegeukia ngazi.

"Mzee, kiti kipo," wakili alisema.

"Siwezi kukaa, mkwe wangu yumo humo."

"Atakusumbua?"

"Hanisumbui. Ni mkwe wangu."

Wakili alimtazama Yustina, Yustina akatikisa kichwa kwamba mwache tu. Akafungua kompyuta yake. "Haya. Nani aeleze kwa nini binti aliandikwa Severin?"

"Mwizi aeleze," sauti ya mlangoni ilisema.

"Rudia!" Severin alikuwa amekwisha simama.

"Wazee, wazee! Hapa si gulioni." Wakili aliinua mikono. "Mimi nina njia rahisi. Nimesikia kwenu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake. Si ndiyo? Basi tunaandika kwamba ni mila. Mwalimu alifuata mila, hakuna mwenye kosa. Mnasaini wote, tunakwenda zetu."

Severin akakaa taratibu. "Hapo umesema," alikubali. "Mila. Hata padri anajua."

Theresia alihisi moyo wake ukitulia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mila. Neno zuri, kubwa, la watu wote. Mtu anaweza kujificha nyuma yake na familia yake nzima. Alimwona Yustina akishusha pumzi.

"Mila gani?" Bonifasi alisema. Sauti ilikuwa ya chini sasa. "Hata mimi ni Mluguru, ninaijua mila. Mila haimkatazi baba kumjulia hali mtoto. Mila ndiyo iliyonifukuza mbele ya darasa zima? Kama ni hiyo, kwaherini." Na hatua zake zikasikika kwenye ngazi, moja, mbili.

"Bonifasi," Theresia aliita.

Mama mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina. Hatua zilikoma.

"Mila haikwenda shuleni," Theresia alisema. "Nilikwenda mimi."

Chini dukani cherehani ilikuwa inakwenda.

"Baada ya arobaini ya Lucy ulikuja nyumbani, ukasema mwezi ujao utamchukua mtoto akalelewe na mama yako Turiani. Ulisema kwa adabu. Nami nikasema sawa, baba. Ulipoondoka sikulala. Asubuhi yake nikamshika mtoto mkono nikampeleka shule, hajatimiza hata miaka sita. Mwalimu mkuu akauliza, baba yake nani? Nikasema, Severin. Akaniuliza, Severin mwanao? Nikasema ndiyo, huyo huyo. Hakukosea yule mwalimu. Aliandika nilichosema."

"Mama," Severin alisema.

"Ngoja. Nilijua Bonifasi atakwenda na karatasi yake, na nilijua watamfukuza. Nilikuwa nimetoka kumzika mmoja, sikutaka kutoa wa pili. Kisha wewe Bonifasi ukadhani ni Severin. Wewe Severin ukadhani umepewa heshima. Mkachukiana, nami nikawaacha mchukiane, kwa sababu chuki yenu ilinifaa. Ilimweka mtoto nyumbani."

Severin alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, mimi huyu mtu nilimpiga. Pale gulioni. Nilimng'oa jino."

"Mawili," Bonifasi alisema.

Alikuwa amerudi. Alikuwa ameingia mpaka ndani ya chumba, na alikuwa anamtazama Theresia usoni, waziwazi, kitu ambacho mkwe hafanyi. Theresia hakujifunika wala hakugeuka. Aliona kwamba yule kijana aliyemwoa binti yake sasa ana mvi.

"Kwa nini hukuniambia hutaki?" Bonifasi aliuliza. "Ungesema tu, sitaki. Ningekuja kumtembelea."

Theresia aliukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

Wakili alikohoa. "Bibi, kiapo huapa anayejua. Kwa hiyo ni wewe. Lakini nikuambie ukweli, kutoa maelezo ya uongo ni kosa. Miaka imepita, sidhani kama kuna atakayekufuatilia, ila ukisaini inabaki imeandikwa. Bado naweza kuandika mila."

"Andika hivi nilivyosema. Na uandike kwamba baba yake alimfuata, akafukuzwa."

Wakili aliandika. Alimsomea mara mbili. Mashine ilipotoa karatasi, alimsogezea kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Theresia akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Aliandika jina lake herufi moja moja, na wote wakasubiri, hakuna aliyemharakisha. Severin alisaini chini yake: mjomba. Bonifasi alisaini chini ya Severin: baba.

Yustina alikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akatangulia kushuka ngazi.

*

Ijumaa afisa alisoma kiapo mpaka mwisho. Alipofika katikati aliinua macho, akamtazama Theresia kwa kitambo, kisha akaendelea. Aligonga mhuri, akampa Yustina risiti yenye namba.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, binti aliipiga picha ile risiti akaituma. Walisubiri. Simu ikalia.

"Wamepata?" Theresia aliuliza.

"Wamepata. Wanasema karibu."

"Mungu mkubwa."

Yustina aliirudisha simu mfukoni. "Alikuja mara ngapi?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza nani. "Shuleni mara moja. Nyumbani mara tatu."

"Mara ya tatu nilikuwa wapi?"

"Nilikutuma kisimani. Alileta viatu. Vyekundu, vya kufunga na kishikizo."

"Viko wapi?"

"Nilimpa mtoto wa jirani."

Binti aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama anapokea hesabu aliyokwisha kuihisi. Ng'ambo ya barabara Bonifasi alikuwa amesimama chini ya kibao cha duka la simu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuvuka, kwa sababu mkwe wake alikuwa upande huu.

"Nitakaa kwa baba mpaka siku ya safari," Yustina alisema.

"Ni wiki tatu hizo."

"Ndiyo."

"Hutapanda kuja kuniaga?"

"Nitakupigia simu, Bibi." Aliinua begi lake. Akasita, akainama, akagusa mkono wa bibi yake. "Shikamoo," akasema, kama anavyosalimiwa mtu mzima ambaye hujakutana naye siku nyingi.

"Marahaba," Theresia aliitika.

Aliwatazama wakiondoka. Walitembea wameachana kidogo, kama watu wasiojua bado nani atembee upande gani, mpaka Bonifasi akachukua lile begi.

Severin alikuwa ameagiza lori limpitie mama yake stendi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia matupu, pamoja na vibarua, na mama yake alipofika alimsaidia kupanda mbele, akafunga mlango, akarudi nyuma. Dereva, Mikidadi, ambaye alikuwa amewabeba watu wa Mgeta miaka yote, aliwasha gari, akasafisha kioo kwa kitambaa.

"Bibi, leo peke yako? Mjukuu umemwacha chuoni?"

Neno la haraka lilikuwepo mdomoni mwake, tayari kabisa, na lingemtosha Mikidadi. Theresia alilimeza.

"Hapana," akasema. "Yuko kwa baba yake."

Mikidadi alimgeukia. "Kumbe ana baba?"

"Anaye," Theresia alisema. "Yuko Mzinga. Anaitwa Bonifasi."

Lori liliuacha mji, likaanza kupanda.